Rickardsson aliishinda dunia kwa kanuni tatu tofauti

Tarehe 20 Agosti 1994, katika uwanja wa Vojens nchini Denmark, Fainali ya Dunia ya spidwei, mbio za pikipiki zisizo na breki, ilimalizika huku watu watatu wakiwa na pointi 12 kila mmoja. Wa kwanza alikuwa Hans Nielsen, Mdenmark aliyekuwa nyumbani na mwenye mataji matatu tayari. Wa pili alikuwa Craig Boyce wa Australia. Wa tatu alikuwa Tony Rickardsson, Mswidi aliyetimiza miaka 24 siku tatu kabla, mzaliwa wa Avesta, mji wa viwanda vya chuma katika mkoa wa Dalarna. Ikabidi ipigwe mbio moja ya kuamua. Rickardsson akaishinda, Nielsen akawa wa pili, na Uswidi ikapata bingwa mpya.

Taji hilo halikuwa la kutisha. Pointi 12 kati ya 15 ni chache kwa bingwa wa dunia, maana miaka mingi mshindi alihitaji 14, na wapo waliochukua zote 15. Mtu aliyeacha kufuatilia mchezo huu jioni hiyo angeweza kusema bila kumkosea mtu kwamba Mswidi kijana alibahatika. Miaka kumi na moja baadaye Rickardsson alikuwa na mataji sita, sawa na Ivan Mauger wa New Zealand, na mjadala wa nani mkubwa kuliko wote katika spidwei ukawa hauwezi kufanyika bila jina lake.

Mjadala huo huendeshwa kwa kuhesabu mataji, na hapo ndipo ninapotofautiana na wengi. Mauger sita, Rickardsson sita, Ove Fundin matano, basi mezani panabaki wawili. Hesabu hiyo inachukulia kwamba ubingwa wa dunia ulikuwa kitu kimoja miaka yote, na haukuwa. Umebadilishwa muundo zaidi ya mara moja, kila muundo ukawa na watu wake uliowapenda na watu wake uliowaadhibu. Ukubwa wa Rickardsson uko hapo: alikuwa bingwa kwa kanuni tatu zisizofanana, na katikati yake alipotea kwa miaka miwili kisha akajifunza kazi yake upya. Sioni mwingine aliyefanya hivyo.

Kwa msomaji asiyeufahamu mchezo, maelezo machache yanatosha. Waendeshaji wanne wanashindana kwa mizunguko minne katika njia ya udongo yenye umbo la yai, wakizunguka kushoto muda wote. Pikipiki ina injini ya cc 500, inakula methanoli, ina gia moja na haina breki. Kona inachukuliwa kwa kuliserereshea ubavuni gurudumu la nyuma, huku mguu wa kushoto, uliovalishwa kiatu cha chuma, ukiburuzwa ardhini. Mshindi anapata pointi 3, wa pili 2, wa tatu 1, wa mwisho anaondoka mikono mitupu. Mbio nzima inachukua dakika moja au imezidi kidogo, na mara nyingi inaamuliwa katika sekunde mbili za kwanza, kamba za kuanzia zinaporuka na klachi kuachiwa.

Fainali ya Dunia ya zamani ilikuwa ya siku moja. Watu 16, mbio 20, kila mtu anakimbia mara tano na kukutana na kila mpinzani mara moja tu. Ratiba ilikuwa na haki ya kupendeza, lakini haki hiyo ilikuwa ya karatasini. Injini ikizima mara moja, ukiguswa kwenye kona mara moja, au ukipangiwa nafasi mbaya ya kuanzia wakati njia imeshachimbika, mwaka wako umekwisha. Bingwa alipatikana kama anavyopatikana mshindi wa kombe la mtoano katika soka, na anayepata kombe si lazima awe ndiye angeongoza ligi.

Anayeijua vizuri adhabu ya muundo huo ni Ove Fundin, na bila yeye Rickardsson hapimiki.

Fundin alizaliwa Tranås mwaka 1933. Alikwenda Uingereza kuichezea Norwich Stars katika uwanja wa The Firs, na mwaka 1956, huko Wembley, akawa Mswidi wa kwanza kuwa bingwa wa dunia. Kisha tazama kilichofuata. Mwaka 1957 alifungana na Barry Briggs wa New Zealand, akashindwa kwenye mbio ya kuamua. Mwaka 1958 akawa wa pili tena, nyuma ya Briggs yuleyule. Mwaka 1959 wa pili kwa mara ya tatu mfululizo, safari hii nyuma ya Ronnie Moore. Mwaka 1960 alifungana na Moore na Peter Craven, wote pointi 14, naye akashinda mbio ya kuamua. Mwaka 1961 Fainali ilitoka Wembley kwa mara ya kwanza ikaenda Malmö, na Waswidi wakachukua nafasi zote tatu za juu: Fundin, Björn Knutsson, Göte Nordin. Mwaka 1962 wa tatu. Mwaka 1963 bingwa. Mwaka 1964 wa tatu, 1965 wa tatu.

Kuanzia 1956 hadi 1965, miaka kumi mfululizo, Fundin hakutoka nje ya tatu bora. Kwa ubingwa wa siku moja, ambapo ajali moja inatosha kukutupa nafasi ya kumi, rekodi hiyo inanishangaza kuliko taji lolote alilolipata. Kisha mwaka 1967, akiwa na miaka 34, wakati kizazi kipya kimeshafika, alirudi Wembley akafungana na Mswidi mwenzake Bengt Jansson, akamshinda kwenye mbio ya kuamua na kupata taji la tano. Aliyemaliza wa tatu siku hiyo alikuwa Ivan Mauger, ambaye mwaka uliofuata alianza kuyakusanya mataji yake sita. Huko mbele, Kombe la Dunia la timu za taifa lilipoundwa upya mwaka 2001, kikombe chake kilipewa jina la Fundin, na kilistahili.

Je, Fundin angekuwa na mataji mangapi kama bingwa angepatikana kwa pointi za msimu mzima? Hakuna awezaye kujibu kwa uhakika, lakini mtu anayekuwa wa pili mara tatu mfululizo, mara moja kati ya hizo kwa kushindwa mbio moja ya ziada, hakuhukumiwa kwa kipimo kilichomfaa. Ndiyo maana sikubali atolewe kwenye mjadala kwa sababu tu ana matano na wenzake wana sita.

Turudi kwa Rickardsson. Alionekana mapema. Mwaka 1991, Fainali ikiwa Gothenburg katika uwanja wa Ullevi, alikuwa wa pili nyuma ya Mdenmark Jan O. Pedersen aliyeshinda mbio zake zote tano. Alikuwa na miaka 21 wakati huo, na Uingereza alikuwa ameanza kuichezea Ipswich. Uswidi hawakuwa wanamtegemea yeye peke yake, kwa sababu bingwa wa mwaka 1990 alikuwa Mswidi pia, Per Jonsson, aliyeshinda Bradford baada ya mbio ya kuamua dhidi ya Mmarekani Shawn Moran. Mwaka 1992 Jonsson alikuwa wa pili. Wengi walimwona yeye ndiye mtu wa muongo huo.

Yaliyowapata mabingwa hao wawili lazima yasemwe, kwa sababu bila hayo historia ya Rickardsson inasomeka kama ngazi iliyonyooka. Pedersen alivunjika mgongo mwaka 1992 na kazi yake ya juu ikaishia hapo. Jonsson alianguka Bydgoszcz, Poland, mwezi Juni 1994, akiichezea klabu ya Toruń, akapooza na hakuendesha tena. Ilikuwa majuma machache tu kabla ya Vojens. Taji la kwanza la Rickardsson lilikuja katika kiangazi kilekile ambacho nchi yake ilimpoteza mwendeshaji wake bora. Toruń hawakumsahau Jonsson. Walipojenga uwanja wao mpya, barabara ya kuuingilia ilipewa jina lake. Nalitaja hili kwa heshima, kwa maana mchezo huu hulipa kwa pointi. Katika ligi, mwendeshaji ananunua pikipiki zake, analipa mafundi wake, na kipato chake kinafuata pointi alizoleta. Asiyeweza kukimbia hana pointi. Klabu inapomkumbuka mtu wa namna hiyo kwa kitu cha kudumu, inastahili kusifiwa.

Vojens 1994 ilikuwa Fainali ya mwisho ya mtindo wa zamani. Mwaka 1995 ikaanza Grand Prix: raundi kadhaa katika nchi mbalimbali, pointi zikijumlishwa. Bingwa wa kwanza alikuwa Hans Nielsen yuleyule, Rickardsson akawa wa pili. Hadi leo ni hao wawili pekee walioshinda ubingwa wa dunia wa mtu mmoja katika zama zote mbili, na inanifurahisha kwamba walikutana ana kwa ana katika mbio ya mwisho kabisa ya zama ya kwanza.

Kisha mwanga ukafifia. Mwaka 1996 bingwa alikuwa Billy Hamill, 1997 Greg Hancock, Wamarekani wawili waliokuwa marafiki na waliokuwa wamejipanga kwa pamoja kwa namna ambayo Ulaya haikuizoea, wakiwa na mdhamini wa maana na vifaa vya kutosha. Katika miaka hiyo pia injini za kulala, yaani zilizolazwa kwenye fremu, zilikuwa zikiziondoa zile za kusimama wima, na pikipiki ikawa na tabia nyingine kwenye kona. Rickardsson hakuingia tatu bora mwaka wowote kati ya hiyo miwili. Ukichora mstari wa kazi yake hadi mwisho wa 1997, unapata mtu mwenye taji moja la pointi 12, nafasi mbili za pili, na dalili za kushuka. Wapo mabingwa wengi wa dunia wanaokumbukwa kwa mstari wa namna hiyo, na hakuna anayewaonea haya.

Mwaka 1998 waandaaji walibadilisha kanuni tena. Sasa waliingia watu 24 badala ya 16. Wanane wa juu walisubiri, wengine wakachujana kwanza. Katika kila mbio wawili wa mbele walisonga, wawili wa nyuma wakapewa nafasi nyingine, na ukiangukia nyuma mara ya pili ulikuwa umetolewa. Hapakuwa tena na mbio tano za uhakika za kujirekebishia. Muundo huu ulikuwa mkali kuliko wote, kwa sababu uliyachanganya mambo mawili yanayopingana: uthabiti wa msimu mzima, na hatari ya mtoano kila jioni. Mwendeshaji shupavu asiyejali angeweza kung'ara Prague na kutolewa mapema katika raundi inayofuata.

Humo ndimo Rickardsson alimotawala. Bingwa 1998, bingwa 1999, wa tatu 2000, bingwa 2001, bingwa 2002, wa tatu 2003, wa pili 2004. Kati ya misimu saba ya muundo wa watu 24, alichukua minne, na hakuna msimu hata mmoja aliokosa tatu bora.

Alifanyaje? Maelezo ya kawaida ni kipaji, na kipaji alikuwa nacho, lakini kipaji hichohicho alikuwa nacho mwaka 1996. Kilichobadilika ni namna ya kufanya kazi. Mwendeshaji wa zamani alikuwa mtu na fundi wake ndani ya gari, wakitoka mechi hadi mechi: Uingereza katikati ya juma, Uswidi Jumanne, Poland Jumapili. Rickardsson aliichukua ratiba hiyo akaizungushia kikosi kamili, chenye mazoezi ya mwili ya mwanariadha wa kweli, wadhamini waliopewa thamani ya fedha zao, na utaratibu ambao haukuachia mambo yaamuliwe uwanjani. Nadhani aliielewa Grand Prix mapema kuliko wenzake wa Ulaya. Aliona kwamba jioni mbaya haiepukiki, na kwamba bingwa ni yule ambaye jioni yake mbaya inampeleka nusu fainali. Wenzake waliendelea kutafuta ushindi wa raundi, yeye akawa anatafuta kutotolewa mapema.

Mwaka 1999 unahitaji neno la pekee, kwa sababu mashabiki wa Poland bado unawauma. Tomasz Gollob alikuwa akiongoza msimamo. Muda mfupi kabla ya raundi ya mwisho aliumia vibaya Wrocław, katika mashindano mengine kabisa. Alikwenda Vojens na maumivu yake na akakimbia hivyohivyo, lakini Rickardsson akampita. Wanaosema taji lile ni la Gollob wana hoja ya moyo, nami naihurumia: Gollob alikuwa mwendeshaji mwenye kuthubutu kuliko wote wa kizazi kile, na alisubiri hadi 2010 kuwa bingwa. Lakini ubingwa wa msimu huhesabu pia siku ambazo hukuumia. Rickardsson alikuwa karibu kiasi cha kunufaika na ajali ya mwenzake, na ukaribu huo ulijengwa raundi kwa raundi tangu mwanzo wa msimu. Baadaye wawili hao walivaa jezi moja, na Unia Tarnów ikawa bingwa wa Poland 2004 na 2005.

Mpinzani aliyempima hasa hakuwa Gollob, alikuwa Jason Crump. Mwaustralia huyo alikuwa wa pili 2001, wa pili 2002, wa pili 2003, na hatimaye bingwa 2004 mbele ya Rickardsson. Alikuwa mdogo kwa miaka mitano, alikuwa na hasira ya kushinda, na mwaka 2004 ilionekana wazi kwamba zamu imehama. Rickardsson alikuwa na miaka 34 wakati huo, umri uleule aliokuwa nao Fundin aliposhinda taji lake la mwisho.

Ndipo kanuni zikabadilika kwa mara nyingine. Kuanzia 2005 walirudi watu 16 na mbio 20, kila mtu akikimbia mara tano kama enzi za Wembley, kisha wanane wa juu wakaingia nusu fainali na wanne fainali. Msimu ulikuwa na raundi tisa. Rickardsson aliutawala tangu mwanzo, Crump akawa wa pili kwa mbali na Leigh Adams wa tatu. Huko Cardiff, Wales, chini ya paa la Millennium Stadium, alitoka nje kabisa ya njia kwenye kona, pikipiki ikaupanda uzio, akabaki wima na kuendelea kuvuta mafuta kana kwamba ukuta ulikuwa sehemu ya uwanja. Picha hiyo imetazamwa na watu wasiojua hata pointi zinahesabiwaje. Kwangu inasema jambo moja kuhusu mtu aliyesifiwa kwa mpangilio: mpangilio haukuwa umemwondolea ujasiri. Hesabu zake zilimfikisha pale, lakini ukutani hapakuwa na muda wa kupiga hesabu.

Kwa hiyo 1994 kwa Fainali ya siku moja, 1998 hadi 2002 kwa mtoano wa watu 24, na 2005 kwa muundo wa nusu fainali. Muundo pekee alioukosa ni ule wa 1995 hadi 1997, na hata huo ulimpa nafasi ya pili. Mauger, ambaye namheshimu sana, alishinda yote sita katika Fainali za siku moja. Bartosz Zmarzlik wa Poland, aliyefikisha mataji sita mwaka 2025, ameyapata yote katika Grand Prix. Zmarzlik bado anakimbia na huenda akawapita wote, nami nitafurahi kumwona akifanya hivyo, kwani ndiye mwendeshaji bora ninayemwona leo. Hata akifika saba, hoja yangu kuhusu Rickardsson haitaguswa, kwa kuwa haikusimama juu ya idadi.

Kuna wanaomlaumu kwa alivyoondoka. Katikati ya msimu wa 2006, akiwa na taji mkononi na rekodi ya pekee ikiwa mbele yake kwa hatua moja, Rickardsson alitangaza kuwa anaacha. Msimu haukuwa mzuri, ni kweli, lakini wengi walitaka angalau aumalize, na wengine walitaka arudi mwaka uliofuata kuitafuta ya saba. Hili la kumdai ya saba naliona halina haki. Mtu aliyemwona Pedersen akiondoka 1992 na Jonsson akiondoka 1994, wote kwa sababu ambayo hawakuichagua, alikuwa na kila sababu ya kuchagua ya kwake akiwa anatembea kwa miguu yake. Pikipiki isiyo na breki haimpi nafasi mtu ambaye moyo wake umeshaondoka. Kushika nafasi ya katikati ya msimamo kwa ajili ya mashabiki wanaohesabu mataji kungekuwa hatari bila faida, na yeye, kuliko mtu yeyote wa kizazi chake, alijua kutofautisha hatari yenye faida na isiyo nayo.

Ubingwa wa 2006 ulichukuliwa na Crump. Alikuwa na miaka 31, na mtu aliyemwacha nafasi ya pili mara tatu kwenye msimamo wa mwisho, 2001, 2002 na 2005, hakuwa tena kwenye kamba za kuanzia.